Kwa nini picha moja hutoa mafaili ya ukubwa tofauti

Picha moja ya mwamba wenye michoro ya kale wilayani Iramba, mkoani Singida, ikipigwa kwa kamera ya pikseli milioni 12, inaweza kuhifadhiwa kwa namna nne na kutoa mafaili manne yasiyokaribiana kwa ukubwa. Faili ghafi linalotoka moja kwa moja kwenye kamera laweza kuwa na megabaiti 21. Likifunguliwa na kuhifadhiwa kama TIFF isiyobanwa, hufikia megabaiti 36. Likigeuzwa kuwa JPEG, hushuka hadi megabaiti tatu au nne, na likitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huweza kumfikia mpokeaji likiwa na kilobaiti mia chache tu. Kwenye kioo cha simu, picha zote nne huonekana kuwa ile ile.

Tofauti hiyo imewasumbua watu wa kila aina: wenye studio za picha mjini Singida, waandishi wa habari wanaotuma picha Dar es Salaam kabla gazeti halijafungwa, na vijana wanaojaza maombi ya kazi au ya masomo mtandaoni na kukataliwa kwa sababu picha yao imezidi ukomo wa kilobaiti uliowekwa. Jibu linalozoeleka mitaani ni kwamba faili kubwa ni picha nzuri na faili dogo ni picha mbaya. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Ukubwa wa faili hutokana na maamuzi kuhusu nini kiandikwe, kiandikwe kwa utaratibu gani, na nini kiachwe. Maamuzi hayo hufanywa kwanza na fomati, kisha, ndani ya fomati hiyo hiyo, hufanywa na programu na toleo la programu lililotumika. Kwa picha ya kitambulisho, uamuzi usiofaa hugharimu dakika chache za usumbufu. Kwa mchoro wa mwambani unaofifia mwaka hadi mwaka, uamuzi huo huo unaweza kugharimu mchoro wenyewe.

Hesabu ya msingi ni nyepesi. Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa vitone vinavyoitwa pikseli, vilivyopangwa kwa safu na mistari. Picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina pikseli milioni 12. Kila pikseli huelezwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha wekundu, cha ukijani na cha ubuluu, na kila namba huchukua baiti moja. Zidisha milioni 12 kwa tatu, jibu ni baiti milioni 36. Hapo haijalishi kama picha ni ya Ziwa Singidani lenye ndege elfu moja au ya ukuta mweupe usio na kitu, kwani kila pikseli hulipiwa baiti zake tatu. Ikihitajika sehemu angavu isiyo na rangi, kama ilivyo kwa nembo zinazowekwa juu ya picha nyingine, huongezwa baiti ya nne na jumla hufika milioni 48. Ikihitajika rangi iandikwe kwa biti 16 badala ya nane, kila kitu huongezeka maradufu.

Hivyo ndivyo inavyofanya fomati ya BMP, ambayo watumiaji wa zamani wa Windows wanaikumbuka vyema. Programu ya Paint katika matoleo ya zamani ilihifadhi picha kama BMP bila kuuliza, isipokuwa mtumiaji achague vinginevyo. Aliyepiga picha ya kioo cha kompyuta chenye pikseli 1024 kwa 768 alipata faili la baiti 2,359,350, si moja zaidi wala pungufu, ziwe ndani yake kuna barua ya mistari miwili au picha ya harusi. Baiti 54 za mwanzo ni kichwa cha faili, na zilizobaki ni pikseli. Toleo la Paint lililokuja na Windows 7 mwaka 2009 lilianza kuhifadhi kama PNG, na barua ile ile ya mistari miwili ikashuka hadi makumi ya kilobaiti. Mtumiaji hakubadili chochote katika kazi yake. Kilichobadilika ni toleo.

Kabla ya kwenda mbali, ipo tofauti moja ambayo si tofauti ya kweli. Kompyuta ya Windows huhesabu kilobaiti moja kuwa baiti 1,024, ilhali kompyuta za Apple, tangu toleo la mfumo la 10.6 la mwaka 2009, huihesabu kuwa baiti 1,000. Faili la baiti 5,000,000 litaandikwa megabaiti 5 kwenye kompyuta ya Apple na megabaiti 4.77 kwenye Windows, bila baiti hata moja kupotea njiani. Vilevile Windows huonyesha namba mbili, ukubwa wa faili na nafasi lililochukua kwenye diski, na hiyo ya pili kwa kawaida ni kubwa zaidi kwa sababu diski hugawa nafasi kwa mafungu kamili, mara nyingi ya baiti 4,096. Ugomvi mwingi wa ofisini kuhusu faili "lililopungua" baada ya kunakiliwa kwenye flashi huishia hapo.

Njia ya kwanza ya kupunguza ukubwa ni kuandika kwa ufupi bila kupoteza kitu. Karani wa ghala la alizeti haandiki "gunia, gunia, gunia" mara arobaini kwenye daftari lake. Huandika "magunia 40 ya alizeti", na yeyote atakayesoma daftari hilo atajua hesabu kamili. Fomati za GIF na PNG hufanya kazi ya karani huyo, ingawa kwa ustadi mkubwa zaidi. PNG hupita kila mstari wa picha, ikatafuta jinsi ya kueleza kila pikseli kwa tofauti yake na jirani zake, kisha ikabana matokeo kwa kanuni ile ile inayotumiwa na mafaili ya ZIP. Sehemu zinazojirudia hutajwa mara moja na kurejewa. Faili likifunguliwa, kila pikseli hurudi kama ilivyokuwa.

Kwa sababu hiyo ukubwa wa PNG hutegemea sana kilichomo pichani. Lebo ya chupa ya mafuta ya alizeti, yenye rangi nne zilizotandazwa na maandishi makubwa, huwa faili dogo mno, wakati mwingine dogo kuliko JPEG, na kingo za herufi hubaki safi. Picha ya shamba la alizeti lenyewe, lenye maelfu ya maua yasiyofanana na vivuli visivyohesabika, haina cha kurudiwa. Karani hapati magunia arobaini yanayofanana na hulazimika kuandika moja baada ya jingine. Faili la PNG la picha kama hiyo huwa kubwa mara kadhaa kuliko JPEG ya picha hiyo hiyo, na anayelalamika kwamba PNG "inajaza simu" kwa kawaida ameitumia mahali isipotakiwa.

GIF ina historia ya kesi na karaha. Ilitolewa na kampuni ya CompuServe ya Marekani mwaka 1987, wakati kompyuta nyingi hazikuweza kuonyesha zaidi ya rangi 256, nayo ikawekewa ukomo huo huo. Picha yenye rangi milioni 16 ikigeuzwa kuwa GIF hulazimishwa kuchagua rangi 256 tu, na hapo ndipo anga la jioni huonekana limepasuka kwa michirizi. Kanuni ya kubana iliyotumika ndani yake ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na kampuni hiyo ilipoanza kudai malipo mwishoni mwa mwaka 1994, wataalamu wa kompyuta waliungana kutengeneza PNG, iliyokamilika mwaka 1996. Hataza hiyo ilikwisha Marekani mwaka 2003 na katika nchi nyingine mwaka uliofuata, lakini PNG ilikwishashika nafasi yake.

JPEG ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayohusu picha nyingi ambazo Watanzania wamepiga tangu kamera za dijitali zilipoingia sokoni. Kiwango hicho kilichoidhinishwa mwaka 1992 hakijaribu kuhifadhi kila pikseli. Kinajenga juu ya udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho huona vizuri tofauti za mwanga na giza, lakini ni zito kutambua tofauti ndogo za rangi, hasa zilizo karibu karibu. Basi JPEG hutenganisha mwanga na rangi, na katika mpangilio unaotumika sana, kila kikundi cha pikseli nne hubaki na namba nne za mwanga lakini hugawana namba mbili tu za rangi. Pikseli hizo nne zilikuwa na namba 12, sasa zina sita. Nusu ya mzigo imeshatupwa na kazi yenyewe haijaanza.

Kisha picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja pikseli nane kwa nane. Ndani ya kila kipande, badala ya kutaja pikseli, JPEG hutaja mabadiliko: yapo ya polepole, kama weusi unaofifia kuwa kijivu, na yapo ya haraka, kama nywele au nyasi. Mabadiliko ya haraka ndiyo hukatwa zaidi, kwa kugawanywa kwa namba kubwa na kuondolewa masalia. Ukali wa mgawanyo huo ndio unaoitwa "ubora" katika dirisha la kuhifadhia. Ubora ukishushwa, namba nyingi huwa sifuri, na sifuri nyingi huandikwa kwa nafasi ndogo sana.

Hapo ndipo programu na matoleo huanza kutofautiana, kwa kuwa kiwango cha JPEG kinaeleza jinsi faili litakavyosomwa lakini kinamwachia mtengenezaji wa programu uhuru mkubwa wa kuamua litakavyoandikwa. Photoshop huuliza ubora kwa kipimo cha 0 hadi 12. GIMP huuliza kwa kipimo cha hadi 100. Namba 85 ya programu moja si 85 ya nyingine, wala si asilimia ya kitu chochote. Ni jina tu la jedwali la kugawanyia lililochaguliwa na waandishi wa programu hiyo. Photoshop hupunguza namba za rangi katika viwango vya chini na kuziacha kamili katika viwango vya juu, bila kumwambia mtumiaji, wakati GIMP humpa achague mwenyewe. Fundi anayemwambia mwenzake "hifadhi kwa 80" hajamwambia kitu mpaka amtajie programu.

Yapo pia mafaili mawili ya JPEG yenye pikseli zile zile hadi ya mwisho lakini yenye ukubwa tofauti. Hatua ya mwisho ya JPEG hutoa misimbo mifupi kwa namba zinazotokea mara nyingi na mirefu kwa zinazotokea mara chache. Programu yenye haraka hutumia jedwali la misimbo lililokwishaandaliwa. Programu yenye subira huipitia picha mara mbili na kuiandalia jedwali lake yenyewe, na faili hupungua kidogo bila madhara yoyote. Mwaka 2014 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walitoa programu ya kuandika JPEG iliyojengwa juu ya wazo hilo la subira, na mafaili yake husomwa na programu za tangu miaka ya 1990. PNG nayo iko hivyo. Kiwango cha mbano cha 0 hadi 9 hakigusi ubora hata chembe. Huamua tu ni muda gani kompyuta itautumia kutafuta maneno mafupi.

Mafaili ya kazi, yaani yale ambayo mbunifu huyahifadhi ili ayarudie kesho, yana mambo yake. Faili la Photoshop hubeba kila tabaka la picha, na kuna chaguo linaloongeza ndani yake nakala nzima ya picha iliyounganishwa ili programu nyingine na matoleo ya zamani yaweze kuionyesha. Chaguo hilo likiwashwa, faili hukua kwa kiasi kikubwa pasipo mchoro kubadilika. GIMP toleo la 2.10, lililotoka mwaka 2018, lilianza kuruhusu rangi ziandikwe kwa biti 16 au 32 badala ya nane. Anayefungua kazi yake ya zamani katika toleo hilo na kuihamishia kwenye biti 32 ameruhusu kila pikseli ichukue nafasi mara nne, ingawa picha ya awali haikuwa na undani huo. Ni sawa na kumwaga lita moja ya maziwa kwenye ndoo ya lita nne.

Kosa la namna hiyo hutokea sana kwenye JPEG. Mtu hupokea picha ya kilobaiti 300 iliyokwisha kubanwa, huifungua, na kuihifadhi upya kwa ubora wa juu kabisa akitumaini kuirudisha hadhi yake. Faili huongezeka mara kadhaa. Undani hauongezeki, kwani programu imeandika kwa uaminifu mkubwa, na kwa baiti nyingi, makovu ya mbano wa kwanza. Kinyume chake, kufungua na kuhifadhi JPEG mara kwa mara kwa ubora wa kati, kila mara baada ya rekebisho dogo, humomonyoa picha polepole.

Yote hayo yangekuwa mambo ya mafundi tu kama mkoa wa Singida haungekuwa mahali ulipo. Mkoa huo wa miamba mikubwa ya matale umo katika ukanda wa katikati mwa Tanzania wenye michoro ya mwambani, ambao sehemu yake mashuhuri zaidi, Kondoa katika mkoa jirani wa Dodoma, yenye maeneo zaidi ya 150 yenye michoro, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanaakiolojia wamerekodi michoro pia katika Iramba na sehemu nyingine za Singida. Mingi ya kale ni myekundu, iliyochorwa kwa madini ya chuma, nayo hunasibishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Mingine ni myeupe, na hiyo kwa kawaida ni ya baadaye na wakati mwingine imechorwa juu ya ile myekundu.

Michoro hiyo inafifia. Jua huichoma, maji ya mvua hutiririka juu yake, moshi wa mioto ya wanaojihifadhi chini ya miamba huifunika, na mikono ya wageni huifuta au huandika majina juu yake. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya Kondoa kwa mkono mwaka 1951 akiwa na mumewe Louis, na ambaye kitabu chake juu ya michoro ya Tanzania kilitoka mwaka 1983, alikuwa akishindana na ufifiaji huo. Leo kazi ya kunakili inafanywa na kamera. Kwa mchoro uliokaribia kutoweka, picha si kumbukumbu ya ziara tena bali ni nakala ambayo huenda ikabaki peke yake.

Na mchoro mwekundu uliofifia juu ya jiwe la rangi ya udongo ni kitu ambacho JPEG iliundwa kukitupa. Mwanga wake unakaribiana na ule wa jiwe. Kinachoutenganisha na jiwe ni tofauti ndogo ya rangi, iliyotawanyika katika eneo dogo. Jicho haliioni, kwa hiyo kanuni huihesabu kuwa mzigo usio na faida na kuipunguza mara mbili, kwanza kwa kugawana namba za rangi, kisha kwa mgawanyo mkali ndani ya vile vipande vya nane kwa nane.

Tatizo hilo halikuonekana sana mpaka wataalamu walipoanza kutumia DStretch, programu iliyoandikwa na mtaalamu wa hesabu Mmarekani Jon Harman katika miaka ya 2000, ambayo hufanya kazi ndani ya ImageJ, programu ya kuchambua picha iliyotokana na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Mbinu yenyewe ilikuwapo kabla, katika uchambuzi wa picha za dunia zilizopigwa kutoka angani. DStretch hutazama jinsi rangi za picha zinavyosambaa, huzivuta zitengane kadiri inavyowezekana, kisha huzirudisha zikiwa zimekolea. Jiwe linaloonekana tupu huweza kutoa miguu ya twiga, shingo, kisha twiga mzima, akiwa mwekundu juu ya njano.

Kwa picha ghafi au TIFF iliyotokana nayo, matokeo huwa ya kustaajabisha. Kwa JPEG yenye ubora wa juu, mara nyingi yanaridhisha. Kwa JPEG iliyobanwa sana, au ile iliyopita mikononi mwa programu za ujumbe, kinachokolea si mchoro peke yake. Mipaka ya vile vipande vya mraba huibuka, miraba kwa miraba kama mkeka, na rangi zilizogawanwa humwagika nje ya kingo. Mtafiti hubaki akijiuliza kama mstari anaouona ulichorwa na binadamu au na kanuni ya mwaka 1992. Hakuna programu wala toleo jipya litakalomjibu kwa kutumia faili hilo, kwa kuwa habari iliyohitajika haimo tena.

Faili ghafi lastahili maelezo zaidi, maana watu hushangaa kuwa dogo kuliko TIFF iliyotokana nalo. Kihisio cha kamera ya kawaida hakioni rangi tatu katika kila kitone. Kila kitone kimefunikwa kichujio cha rangi moja, nyekundu, kijani au buluu. Kwa hiyo faili ghafi la pikseli milioni 12 lina namba moja tu kwa kila kitone, kwa kawaida ya biti 12 au 14, na kwa biti 14 jumla ni megabaiti 21 kabla ya kubanwa. Programu inayolifungua ndiyo hukisia rangi mbili zilizokosekana katika kila kitone kwa kutazama majirani, na hapo namba moja huwa tatu. TIFF ya biti nane hutoka na megabaiti 36, ya biti 16 megabaiti 72. Theluthi mbili ya namba hizo ni makisio, ya kitaalamu kweli, lakini makisio. Na kwa vile kanuni za kukisia huboreshwa kila toleo jipya la programu linapotoka, faili ghafi la mwaka 2006 linaweza kutoa picha bora zaidi leo kuliko lilivyotoa siku ile. JPEG iliyotengenezwa ndani ya kamera siku hiyo hiyo haina bahati hiyo.

Udhaifu wa faili ghafi ni kwamba kila mtengenezaji wa kamera ana fomati yake, na nyingine hazijaelezwa hadharani. Adobe ilitoa DNG mwaka 2004 kama jaribio la kuleta fomati moja ya wote. Taasisi nyingi za kumbukumbu hupendelea TIFF, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1986 na husomwa karibu kila mahali, kama nakala mama, kisha hutoa JPEG ndogo kwa ajili ya watazamaji.

Ndani ya faili huweza kuwamo pia vitu visivyo picha: tarehe, jina la kamera, picha ndogo ya kuonyesha, maelezo ya rangi, historia ya marekebisho na majira ya mahali picha ilipopigwa. Hivyo huongeza kutoka kilobaiti chache hadi makumi kadhaa, na kwa picha ndogo ya nembo vinaweza kuzidi nembo yenyewe. Kwa michoro ya mwambani, majira hayo yana thamani na yana hatari. Mtafiti anayahitaji ili aurudie mwamba ule ule. Lakini huko Kondoa baadhi ya miamba imewahi kuchimbwachimbwa na watu wanaoamini kwamba Wajerumani waliacha hazina chini yake, na picha inayotangazwa pamoja na majira yake humwelekeza kila mtu, mwema na asiye mwema. Kuyaondoa majira kwenye nakala ya kutangazwa na kuyaacha kwenye nakala mama ni jambo la mibofyo miwili.

Ubanaji mkali haukuwa ujinga ulipoanza. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikifanya kazi kwa kasi yake yote, ambayo ilikuwa nadra, JPEG ya kilobaiti 500 ilihitaji sekunde 71, ilhali BMP ya megabaiti 36 ingehitaji karibu dakika 86. Mwandishi aliye mikoani kabla mkebo wa baharini wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009 hakuwa na uchaguzi. Kadi ya kamera ya megabaiti 256 ilibeba mafaili ghafi 12 tu ya megabaiti 21, na mpiga picha aliyesafiri siku nzima kufika mwambani asingekubali kurudi na picha 12. Hesabu hiyo imebadilika. Picha 500 za ghafi za ukubwa huo ni gigabaiti 10.5, na picha hizo kama JPEG za megabaiti nne ni gigabaiti 2. Mafungu yote mawili huingia pamoja kwenye flashi moja ya gigabaiti 16.

Fomati mpya zimeongeza chaguo na pia mkanganyiko. Google ilileta WebP mwaka 2010. Simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, huhifadhi picha kama HEIC, ambayo Apple ilieleza kuwa huchukua takriban nusu ya nafasi ya JPEG. Mteja anayepeleka HEIC kwenye studio yenye kompyuta ya zamani hukuta haifunguki, na fundi huigeuza kuwa JPEG, yaani humbana aliyekwisha banwa. Simu inaruhusu kuchagua JPEG mapema kwenye mipangilio ya kamera. WhatsApp nayo iliongeza mwaka 2023 chaguo la kutuma picha zenye ubora wa juu, lakini hata hilo hubana. Anayetaka faili lifike kama lilivyoondoka hulituma kama waraka, si kama picha.

Kwa wenye makasha ya JPEG za zamani, JPEG XL, iliyokamilishwa na shirika la viwango la ISO mwanzoni mwa miaka ya 2020, ina jambo moja la kipekee. Inaweza kulichukua faili la JPEG lililopo, kulipunguza kwa takriban asilimia 20, na baadaye kulirudisha baiti kwa baiti kama lilivyokuwa. Haigusi pikseli, haibani upya. Kile ambacho JPEG ya awali ilikitupa, haikirudishi.